Uzi maalumu wa chemsha bongo Nyanda za Juu Kusini: mifuatano ya namba na mafumbo ya maneno (jibu lije na kanuni yake)

Mwalimu wa Kihesa #1

Kamwene wakuu, na shikamooni wote mnaostahili.

Nimeona nifungue uzi huu kwa sababu kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, kuanzia Makambako mpaka Tunduma, chemsha bongo zinarushwa kila siku na zinakufa siku hiyohiyo. Mtu anatupia 2, 6, 12, 20 na alama ya kuuliza. Watu wanaandika 30, aliyetupia anaweka dole gumba, yameisha. Hakuna anayeuliza 30 imetoka wapi. Mmoja ameona tofauti zinapanda 4, 6, 8, kwa hiyo inayofuata ni 10. Mwingine ameona 1×2, 2×3, 3×4, 4×5, akaendelea na 5×6. Wamepita njia mbili wakakutana, na swali tamu kuliko lote ni kwa nini njia hizo zinakutana. Hilo ndilo hatulifikii kamwe.

Humu sharti ni moja: jibu lije na kanuni yake. Namba tupu hatuihesabu, neno tupu hatulihesabu. Ukishindwa toa mji, kama bibi zetu walivyotufundisha kwenye vitendawili, mtegaji atafumbua.

Naanza na mawili.

La namba: 1, 11, 21, 1211, 111221, ?

La maneno: Pombe yake imemeza jiji (5).

Kwa ambao hawajayazoea hayo ya pili: kila fumbo lina sehemu mbili. Moja inataja maana ya jibu, nyingine inaonyesha jibu linavyojengwa kwa herufi au silabi. Tarakimu iliyo kwenye mabano ni idadi ya herufi. Waingereza ndio walioyakuza mafumbo haya magazetini mwao, miaka kumi na kitu baada ya Arthur Wynne kuchapisha fumbo lake la kwanza la kujaza visanduku kwenye gazeti la New York, Desemba 1913. Ila naamini Kiswahili kinayamudu vizuri mno, kwa sababu silabi zetu ziko wazi na watoto wetu wamecheza kinyume tangu zamani, mbuzi anakuwa zimbu na nyumba inakuwa mbanyu.

Karibuni.

Binti Rungwe #2

Shikamoo Mwalimu.

La pombe nililisoma nikaanza kupekua vilabu vyote: ulanzi, komoni, kimpumu. Hakuna jiji humo. Nikaachana na maana, nikatazama herufi zenyewe: poMBE YAke. Jiji ni MBEYA, herufi tano. Na neno "imemeza" ndilo linalokuambia jibu limo tumboni mwa maneno mawili ya mwanzo. Kila neno limefanya kazi, hakuna lililokaa bure.

Nami natega. Kitendawili!

Upepo wafanya watu kuyumba. Katikati yao pana migomba na mvua (6).

Fundi Redio Mwanjelwa #3

Tega!

Dada, hapo ni kwenu kabisa: waTU KUYUmba. TUKUYU. Migomba na mvua ndiyo maana, "katikati yao" ndiyo ishara. Fumbo safi.

Turudi kwenye namba za Mwalimu. Mfuatano huo huwezi kuukokotoa, unausoma kwa sauti. Mstari wa kwanza una moja ya 1, andika 11. Huo una mbili za 1, andika 21. Huo una moja ya 2 na moja ya 1, andika 1211. Unaofuata una moja ya 1, moja ya 2, mbili za 1: 111221. Kwa hiyo jibu ni tatu za 1, mbili za 2, moja ya 1: 312211.

Mkulima Uyole #4

Wakuu habari za jioni. Fundi nimekuelewa, ila nina hoja.

Mimi niliusoma kama tunavyohesabu mzigo shambani: gunia moja, madebe mawili. Kitu kwanza, idadi inafuata. Nikaanza na 1. Nina "1, moja", naandika 11. Nina "1, mbili", naandika 12. Hapo tayari nimeachana na Mwalimu, maana yeye ana 21. Nikasema niendelee nione: "1 moja, 2 moja" ni 1121. Kisha "1 mbili, 2 moja, 1 moja" ni 122111. Kisha 112213. Kisha 12221131.

Kanuni yangu haijayumba mahali popote. Sasa huu ni mfuatano au si mfuatano?

Mwalimu wa Kihesa #5

Mkulima, ni mfuatano halali kabisa, na wa kwako unatambulika kwa wapenzi wa namba duniani kama ndugu wa ule wa kwanza. Kwa mtu anayewaza kwa Kiswahili, wa kwako ndio unaokuja mdomoni wenyewe. Swali langu lilikuwa na 21 kwenye nafasi ya tatu, kwa hiyo jibu la swali lile ni la Fundi. Lakini ungenipa 1, 11, 12, 1121, 122111 ningelazimika kukujibu 112213, na hakuna wa kukupinga.

Ule wa kwanza ulichunguzwa sana na John Conway, mwanahisabati Mwingereza, akauandikia mwaka 1986. Kuna jambo moja ndani yake ambalo mtu anaweza kulithibitisha akiwa kwenye daladala bila karatasi: tarakimu 4 haitokei kamwe. Ili 4 itokee, lazima mahali fulani tarakimu moja ijirudie mara nne mfululizo, tuseme aaaa. Mfuatano umeundwa kwa jozi, idadi na kitu. Kama jozi ni aa na aa, maana yake tumesema "a za a" kisha tukasema tena "a za a", wakati zote zilikuwa kundi moja na zilitakiwa kuhesabiwa pamoja. Kama jozi zimekaa upande, yaani ?a, aa, a?, basi jozi mbili za mwanzo zinataja kitu kilekile a kikifuatana, kosa lilelile. Njia zimekwisha. 4 haina pa kuingilia.

Mkulima, jaribu hoja hiyohiyo kwenye mfuatano wako.

Mkulima Uyole #6

Nimejaribu, inasimama. Kwangu kitu kipo mbele na idadi ipo nyuma, ila makundi mawili jirani hayawezi kuwa ya kitu kimoja, kwa hiyo nne mfululizo haziji. Ndaga fijo Mwalimu.

Mshonaji Mlandege #7

Naombeni nichangie kwenye maneno. Tupime hili:

Mji wa baridi (6).

Binti Rungwe #8

Dada yangu, hili halijakamilika, na nalisema kwa nia njema kwa sababu linafundisha. Mji wa baridi wa herufi sita? NJOMBE ni sita. MAKETE ni sita. TUKUYU ni sita. IRINGA yenyewe ni sita, na Juni kule koti halivuliwi. Nina majibu manne na sina cha kunichagulia. Umetupa maana peke yake. Tunahitaji ile sehemu ya pili, inayojenga neno.

Mshonaji Mlandege #9

Nimekuelewa, asante sana. Basi:

Weka kionjo mbele uone mji wa baridi ndani yake (6).

Fundi Redio Mwanjelwa #10

KioNJO MBEle. NJOMBE! Sasa wale watatu wengine hawana cha kudai.

Mwalimu wa Kihesa #11

Hapo mmenifurahisha kweli. Linganisheni namba 7 na namba 9. Maana ni ileile, urefu ni uleule, ila la pili likishafumbuliwa hakuna mabishano. Fumbo zuri ni gumu kabla ya jibu na jepesi baada ya jibu. La kubahatisha linabaki gumu hata baada ya kuambiwa.

Haya, ya haraka haraka, kila moja ujenzi wake tofauti:

Siri, ngano haikuificha: ndani mna mji (6).

Uchafu ukigeuka ni eneo chini ya tarafa (4).

Fanya hivi kwa mkono ukiaga: zao la Kyela limekatwa kichwa (5).

Tobo na nusu ya mama, malori yamepanga foleni (7).

Mkulima Uyole #12

La tatu ni langu, nimelima Kyela. Zao ni mpunga, kata kichwa M, inabaki PUNGA. Punga mkono.

La pili: uchafu ni taka, ukigeuza silabi unapata KATA. Hicho ndicho kinyume cha watoto alichokitaja Mwalimu mwanzoni.

Binti Rungwe #13

La kwanza: sIRI NGAno. IRINGA. Koma ya baada ya "siri" imenichelewesha sana, jicho lilikuwa linasimama hapo kila nikipita. Na hilo la ngano nilidhani ni unga, kumbe ni hadithi.

La mwisho nakupa mji. Chukua Vwawa.

Fundi Redio Mwanjelwa #14

Usitoe mji mapema, uko karibu sana nao! Tobo ni tundu. Nusu ya mama ni ma. Tundu na ma: TUNDUMA. Foleni ya malori mpakani nani hajaiona.

Kidato cha Sita Ipogolo #15

Shikamooni walimu na wakubwa zangu. Mimi bado mwanafunzi, nimekuwa nikisoma tu uzi huu kimyakimya. Naomba nitege la namba:

1, 2, 4, 8, 16, ?

Mkulima Uyole #16

Marahaba kijana. Kila mmoja ni mara mbili ya aliyetangulia. 32. Au kuna jambo?

Kidato cha Sita Ipogolo #17

Kanuni yako inasimama mzee wangu, na kwa namba hizo peke yake ndiyo kanuni fupi kuliko zote. Ila nilizipata mahali pengine, na huko jibu si 32.

Chora duara. Weka nukta moja kwenye ukingo: duara ni kipande kimoja. Weka mbili, ziunganishe kwa mstari mnyoofu: vipande viwili. Weka tatu, unganisha zote: vinne. Nukta nne, kila moja na kila mwenzake: vinane. Nukta tano: kumi na sita. Sasa weka nukta sita, unganisha zote, kisha hesabu.

Naomba mchore kabla sijasema.

Fundi Redio Mwanjelwa #18

Nimechora. Nimechukua bikari ya mwanangu, nimegawa ukingo kwa nafasi sawasawa, nukta sita, mistari yote imepigwa kwa rula. Nimehesabu huku natia alama ya penseli kwenye kila kipande ili nisirudie. Ni 30. Nimemwita na mke wangu ahesabu, naye amepata 30.

Mshonaji Mlandege #19

Mimi sina bikari. Nimezungushia mfuniko wa sufuria kwenye karatasi ya kukatia mitindo, nukta nimeweka kwa kukadiria, mistari kwa rula ya kushonea. Nimepata 31. Nimehesabu kwa vifungo: kila kipande kifungo kimoja, halafu nikavikusanya vifungo. Ni 31.

Mkulima Uyole #20

Kijana, wewe ndiye mtegaji. Nani yuko sahihi hapo?

Kidato cha Sita Ipogolo #21

Wote wawili wamehesabu sawasawa, wamechora picha mbili tofauti.

Fundi, tazama katikati ya duara lako. Kwa kuwa umegawa nafasi sawa, mistari mitatu mirefu imepita kwenye nukta moja ya katikati. Sasa chukua nukta moja tu ya ukingoni, isogeze kidogo, chora upya. Mistari ile mitatu haitakutana tena mahali pamoja, itaacha pembetatu ndogo katikati. Pembetatu hiyo ndiyo kipande cha 31. Dada wa Mlandege aliipata kwa sababu mkono wake haukugawa sawasawa.

Swali hutaka vipande vingi iwezekanavyo, kwa hiyo jibu ni 31. Na hii ndiyo sababu yake, haihitaji kuhesabu vifungo.

Anza na duara tupu, kipande 1. Kila mstari unaoongeza unazaa kipande kimoja, na kila mahali unapokata mstari mwingine unazaa kimoja zaidi. Kwa hiyo idadi ya vipande ni 1, jumlisha mistari, jumlisha makutano.

Mistari: kila nukta mbili zina mstari wao. Kwa nukta sita, jozi ni 15.

Makutano: ili mistari miwili ikatane ndani, zinahitajika nukta nne za ukingoni, na kila nukta nne zinatoa makutano mamoja tu. Kuchagua nne kati ya sita ni sawa na kuchagua mbili za kuziacha, nazo tumeshaona ni 15.

1 + 15 + 15 = 31.

Kwa nukta tano: 1 + 10 + 5 = 16. Kwa nne: 1 + 6 + 1 = 8. Mara mbili, mara mbili, mara mbili, halafu inakatika.

Fundi Redio Mwanjelwa #22

Nimesogeza nukta. Pembetatu imetokea, ndogo kama punje ya mchele. 31.

Kijana, umenipa jioni nzuri sana.

Mwalimu wa Kihesa #23

Nifuatishe hapo kwa wanaopenda njia ya tofauti, maana mfuatano huu ni mfano bora wa njia hiyo. Pangeni hivi:

1, 2, 4, 8, 16, 31
Tofauti: 1, 2, 4, 8, 15
Tofauti za tofauti: 1, 2, 4, 7
Tena: 1, 2, 3
Tena: 1, 1

Tumefika kwenye namba isiyobadilika. Sasa panda ngazi kurudi juu: 3 na 1 ni 4; 7 na 4 ni 11; 15 na 11 ni 26; 31 na 26 ni 57. Nukta saba zinatoa 57. Tumia kanuni ya kijana: 1 + 21 + 35 = 57. Njia mbili zimekutana, kama nilivyosema kwenye 2, 6, 12, 20.

Mfuatano wa mara mbili tupu haufanyi hivyo. Chukua tofauti za 1, 2, 4, 8, 16, 32 unapata 1, 2, 4, 8, 16, mfuatano uleule, hata uchukue tofauti mpaka kesho. Ukiona tofauti zinajirudia hivyo, jua kuna kuzidisha. Ukiona zinatulia, kuna kanuni ya vipeo.

Mkulima Uyole #24

Nakubali 31, na picha nimeiona. Lakini naomba tujadili haki. Aliyeandika 32 kwa namba tano zile alikuwa na kanuni. Je, mtegaji anaruhusiwa kuficha chanzo? Kwa mtindo huo mtu anaweza kunipa 1, 2, 3, 4 halafu aniambie inayofuata ni yoyote anayoitaka.

Kidato cha Sita Ipogolo #25

Mzee wangu, anaweza kweli, na kihesabu huwezi kumkamata. Chukua kanuni hii: n + (n−1)(n−2)(n−3)(n−4). Weka n = 1, mabano ya kwanza yanakuwa sifuri, unabaki na 1. Kwa 2, 3 na 4 vilevile unapata 2, 3, 4. Weka n = 5: 5 + 4×3×2×1 = 29. Kwa hiyo 1, 2, 3, 4, 29 ina kanuni kamili.

Mwalimu wa Kihesa #26

Na ndiyo maana humu tunadai kanuni, hatudai namba. Kanuni mbili zikigongana, tunashika iliyo fupi na inayoeleza kila namba iliyotolewa bila kiraka. Hiyo ya 29 imewekwa kiraka makusudi, kila mtu anakiona. Ile ya duara haina kiraka, ina picha. Mtegaji wa haki ama atoe namba za kutosha, ama ataje chanzo. Kijana alitaja chanzo kabla ya kufumbua, kwangu hiyo ni haki tupu. Ila Mkulima ana hoja, na kuanzia sasa mwenye mfuatano wenye njia panda aweke angalau namba moja baada ya njia panda.

Kuna mifuatano ambayo kanuni yake haimo kwenye namba kabisa. Jibuni hili: 1985, 1995, 2005, 2015, ?

Binti Rungwe #27

2021. Ni miaka ambayo rais mpya wa Jamhuri ya Muungano aliapishwa: Mwinyi, Mkapa, Kikwete, Magufuli, kisha Samia, Machi 2021. Anayefuata tofauti ya kumi ataandika 2025, na atakuwa na kanuni fupi kabisa. Hapo lazima mtegaji aseme mapema kwamba swali ni la historia, la sivyo ni kuoneana.

Mwalimu wa Kihesa #28

Sahihi, na nimeikubali sharti yako: mfuatano wa nje ya namba utajwe kuwa wa nje ya namba.

Fundi Redio Mwanjelwa #29

Langu fupi: kama 9 + 5 = 2, na 10 + 6 = 4, basi 8 + 11 = ?

Mkulima Uyole #30

Saa. Saa tisa ukiongeza masaa matano ni saa mbili. Nane na kumi na moja ni 19, ondoa 12, inabaki 7. Nimekubali bila malalamiko, ulitoa mifano miwili.

Mshonaji Mlandege #31

Wapendwa, kuna mtu kanishauri niwe nachukua mifuatano kwenye ile hazina kubwa ya mtandaoni ya mifuatano ya namba. Inafaa?

Mwalimu wa Kihesa #32

Inafaa sana, ila iwe mwisho. Hazina hiyo aliianza Neil Sloane mwaka 1964 akiwa mwanafunzi, akaitoa kama kitabu mwaka 1973, na tangu 1996 iko mtandaoni. Sasa ina zaidi ya mifuatano 350,000. Ukiandika 1, 2, 4, 8, 16, 31 itakuletea duara la kijana mara moja. Tatizo, ukiifungua kabla hujakaa na namba zako hata nusu saa, umepata jibu na umekosa kile kilichokuleta humu. Mimi naitumia kuhakiki kanuni ambayo tayari ninayo mkononi.

Mshonaji Mlandege #33

Basi nimetunga mwenyewe, sijauchukua kokote. Sharti la Binti nalitimiza: ni wa nje ya namba.

4, 5, 4, 3, 4, 4, 4, 4, 4, 4, 10, 11, ?

Kidato cha Sita Ipogolo #34

Shikamoo dada. Nimechukua tofauti zikanipa fujo tupu. Hizo 4 zilizopangana ndizo zinazonisumbua. Kisha ghafla 10. Kitu gani kinaruka baada ya nafasi ya kumi?

Binti Rungwe #35

Umejijibu mdogo wangu. Baada ya kumi linakuja "na".

Ni idadi ya herufi: moja 4, mbili 5, tatu 4, nne 3, tano 4, sita, saba, nane, tisa, kumi zote 4. Kumi na moja 10, kumi na mbili 11. Inayofuata ni kumi na tatu: 10. Kisha kumi na nne: 9.

Dada wa Mlandege, huu ni mfuatano wetu sisi wenyewe. Nimeupenda kuliko yote ya uzi huu.

Kidato cha Sita Ipogolo #36

Nimekaa nao, nimeona kitu. Chukua namba yoyote, hesabu herufi zake, chukua hiyo idadi uihesabu herufi zake tena, endelea. Mfano ishirini na mbili: herufi 15. Kumi na tano: 10. Kumi: 4. Nne: 3. Tatu: 4. Nne: 3. Tatu: 4. Haitoki hapo.

Nikajaribu nyingine nyingi, zote zinaishia kuzunguka kati ya tatu na nne. Sababu ni hii. Kuanzia tano kwenda juu, kila namba ina herufi chache kuliko thamani yake. Zinazokaribia sana ni tano yenye 4, kumi na moja yenye 10, na kumi na mbili yenye 11, lakini hata hizo zinapungua kwa moja. Kwa hiyo kila hatua unashuka, na kushuka hakuwezi kuendelea milele. Utafika kwenye nne au chini yake. Moja inakupeleka kwenye nne. Mbili inakupeleka tano, kisha nne. Tatu inakupeleka nne, nne inakupeleka tatu. Kwa hiyo zote zinaingia kwenye mzunguko huo, na hakuna namba ya Kiswahili yenye herufi sawa na thamani yake.

Mkulima Uyole #37

Kijana, hoja yako ni imara, ila imesimama juu ya hesabu ya sasa. Wazee wa zamani hawakusema sita, saba, tisa, hizo zimetoka kwenye Kiarabu. Walisema tandatu, fungate, kenda. Hata leo fungate imebaki kwa siku saba za harusi. Hesabu herufi zake.

Mshonaji Mlandege #38

F, u, n, g, a, t, e. Saba!

Saba yenye herufi saba. Imesimama peke yake, haiendi popote.

Kidato cha Sita Ipogolo #39

Na tandatu ina herufi 7 pia, kwa hiyo sita ya zamani haishuki, inapanda kwenda fungate na kutulia. Kenda ina 5, hiyo inashuka kwenda tano kisha nne, kama kawaida.

Nimerudia yote nikibadili hizo tatu tu na kuacha makumi kama tunavyoyasema. Hamsini ina herufi 7, inakwenda fungate. Sitini, sabini na tisini zina 6 kila moja, zinakwenda tandatu kisha fungate. Hivyo kati ya 1 na 99, namba sita zinatua kwenye fungate: 6, 7, 50, 60, 70 na 90. Zilizobaki zote 93 zinaingia kwenye tatu na nne. Anayetaka kuhakiki aanze na 54, ni mojawapo ya zenye safari ndefu zaidi: 12, 11, 10, 4, 3.